Kibiti: tuliuliza nani anaua, tukaruka nani anauawa

Kumbuka mijadala ya 2017 kuhusu Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Ni magaidi? Ni watu wa mkaa? Ni visasi na polisi? Kila mtu alikuwa na muuaji wake mkononi. Waliouawa wakabaki idadi tu.

Kwenye kriminolojia kuna tawi linaloanzia upande wa pili: viktimolojia, yaani uchunguzi wa waathirika. Marehemu alikuwa nani, alifanya kazi gani, nani alijua ratiba yake? Kwa Kibiti maswali haya yanazaa kitu hapohapo. Wengi walioripotiwa kuuawa walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa shambulio moja, silaha zao zikachukuliwa. Sasa jiulize: mwenyekiti wa kitongoji ana nini cha kuibiwa? Pesa hana. Anachojua ni mgeni gani kaingia na kijana wa nani halali nyumbani. Hiyo ni dhana tu, lakini inapimika: linganisha wenyeviti waliouawa na wenzao wa vijiji jirani walioachwa hai. Uchambuzi wa magazetini haukufika huko, ulihesabu maiti tu.

Ila na viktimolojia yenyewe nina ugomvi nayo. Mwaka 1958 Marvin Wolfgang alichambua mauaji 588 ya Philadelphia, akasema katika asilimia 26 marehemu ndiye aliyeanza kutumia nguvu. Kwa ugomvi wa baa, sawa. Lakini mwaka 1971 Menachem Amir akalihamishia wazo hilo kwenye ubakaji, na hapo likageuka lawama kwa aliyebakwa. Mtaani nasi tunalo letu: "Alifanya nini mpaka wakamfuata?" Swali hilo linatafuta kosa la marehemu. Mpelelezi anatafuta muuaji alimchaguaje, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Halafu data zenyewe zina matundu. Mwenyekiti akiuawa, gazeti linaandika. Mvuvi wa visiwa vya delta asiporudi nyumbani, nani anaandika? Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiripoti mauaji hayohayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufa, kisha akasema kauli yake haikueleweka. Ukichora jedwali la waathirika wa Kibiti leo, Azory utamwandika safu ipi?