Ugonjwa wa Kichwa: Mila Gani Tunasifu?

Katika maandiko juu ya mila zetu, mara nyingi tunasoma ya kuwa zamani mgonjwa wa kichwa hakutupwa, alikuwa mtoto wa kijiji kizima. Maneno ni mazuri, lakini hayatoshi. Mwandishi anasahau upande mwingine: kamba, kufungiwa ndani, kutafuta katika jamaa nani amemloga. Hiyo pia ilikuwa mila, na ingaliko. Mwenye kusifu sherti apime kwanza.

Tuchukue skizofrenia. Mgonjwa anasikia sauti wengine hawasikii, anaogopa, anajitenga. Mtaani banasema tu: «Huyu, kichwa yake iliharibika», na mambo yamekwisha. Haloperidol, dawa iliyovumbuliwa Ubelgiji mwaka 1958, inaweza kupunguza sauti zile. Lakini dawa peke yake haimrudishi mtu kwenye soko la Kadutu kuuza, wala haimfundishi tena kuongea na majirani. Hapa Bukavu tuna kituo SOSAME cha Mafurere wa Charité, shirika lililoanzishwa Gand mwaka 1807. Kituo kinatunza, siku mgonjwa anatoka, ni sisi tunabaki naye.

Mwaka 1954, munganga Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kuweka wagonjwa kwa wanakijiji karibu na hospitali ya Aro, Abeokuta. Kila mmoja alikuja na ndugu yake. Walipata dawa hospitalini, kisha wakarudi kijijini, kwenye kazi na maisha ya watu. Lambo alishirikiana hata na waganga wa kienyeji, lakini hakuacha dawa. Ni kusema, alichagua: alichukua ujamaa, hakuchukua kamba.

Tena, huko London, George Brown na wenzake walionyesha ya kuwa mgonjwa anayerudi katika nyumba ya lawama na ukali anaanguka tena mara nyingi kuliko yule anayepokelewa kwa utulivu.

Basi anayeandika «jamaa ni dawa» amesema nusu. Jamaa inayokumbuka siku ya dawa, inayompa kazi ndogo na kumwita kwa jina lake, hiyo njo dawa. Jamaa inayomficha nyuma ya lupango, hapana. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa: hospitali peke yake haiwezi, na sisi peke yetu hatuwezi. Mila hiyo ndiyo tuwafundishe watoto.