Gunia la Kilo 50 na Kiazi Kisichosubiri

Kanuni za viazi zilizotungwa mwaka 2019 chini ya Sheria ya Mazao ya 2013 zinasema wazi kwamba gunia la viazi nchini Kenya lisizidi kilo 50. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Nyandarua, Nakuru na Meru, gunia la kuongezwa kichwa limeendelea kusafiri. Ufundi wake si wa siri. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha kipande cha gunia jingine au wavu hushonwa juu yake kwa kamba, na viazi hupangwa kwa mkono mpaka kichuguu kisimame. Kule Njombe na Mbeya mzigo wa namna hiyo huitwa lumbesa, na sheria ya vipimo ya Tanzania nayo imeukataza. Hesabu yake ni ya kuumiza. Mkulima wa Kenya aliyekubali shilingi 2,200 akifikiria gunia la zamani la kilo 110 ameuza kwa shilingi 20 kila kilo. Mzigo ukipandishwa hadi kilo 150, bei imeteremka chini ya shilingi 15 bila neno lolote kusemwa kuhusu bei. Aliyetoa kilo 40 za bure ndiye aliyenunua mbegu na mbolea, na ndiye aliyepulizia dawa ya ukungu msimu mzima.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba haya yote ni tamaa ya dalali, na dawa yake ni askari kwenye kizuizi cha barabara. Tamaa ipo, siikatai. Lakini tuangalie kinachohesabiwa njiani. Mara nyingi ushuru wa kaunti hutozwa kwa gunia, mpakiaji hulipwa kwa gunia, na dalali wa shambani naye hupata chake kwa gunia. Lori la tani 15 likipakiwa kwa kilo 50 lina magunia 300. Likipakiwa kwa kilo 150 yanabaki 100. Viazi ni vilevile, ila gharama zinazohesabiwa kwa gunia zimepungua kwa theluthi mbili. Kaunti inayokataza gunia kubwa huku ikitoza ushuru kwa idadi ya magunia inampa mfanyabiashara sababu ya kuvunja kanuni yake yenyewe. Ikikaza peke yake, lori linahamia kaunti jirani, kwa kuwa viazi vya pande zote vinakutana katika masoko yaleyale ya Nairobi.

Hata ushuru ukirekebishwa, bado kuna swali la kwa nini mkulima anakubali. Hapa ndipo mjadala wa magunia unapokosa shabaha, kwa sababu jibu limo ndani ya kiazi chenyewe. Aina inayotawala mashamba ya Kenya ni Shangi, iliyosambaa kutoka mkulima hadi mkulima kabla ya kuidhinishwa rasmi. Inakomaa upesi, inazaa vizuri na inaiva haraka jikoni, lakini usingizi wake baada ya kuvunwa ni mfupi mno: ndani ya mwezi mmoja hivi inaanza kuchipua. Mashamba ya eneo zima hupandwa mvua inaponyesha, kwa hiyo huvunwa wakati mmoja. Dalali anajua kwamba mkulima asipouza wiki hii, wiki chache zijazo atakuwa na rundo la machipukizi. Mtu anayebanwa na muda namna hiyo hawezi kudai mizani, hata sheria ikiwa upande wake. Gunia kubwa, kwa hiyo, ni dalili. Ugonjwa ni kukosa uwezo wa kungoja.

Wapo watakaosema basi Shangi iachwe. Hilo ni jepesi kusemwa na asiyeishi kwa shamba la ekari moja. Mkulima huyo anahitaji pesa mapema, na muuza vibanzi anataka kiazi kinachoiva upesi kisimalizie mafuta na moto. Jambo la busara zaidi ni kugawa shamba: sehemu ibaki na Shangi ya kuuzwa mara moja, sehemu ipandwe aina yenye usingizi mrefu, kama Dutch Robijn inayotafutwa na watengeneza krispi. Kikwazo halisi ni mbegu safi. Wakulima wengi hupanda viazi vilivyobaki msimu uliopita, na pamoja navyo hupanda mnyauko wa bakteria.

Pingamizi la pili, dhidi ya kuhifadhi viazi ghalani, lina uzito zaidi: ghala ni ghali, na kiazi, ambacho takriban asilimia 80 ni maji, huoza. Ni kweli kwa ghala la mitambo ya baridi. Lakini nyanda hizi zina kitu ambacho pwani haina, nao ni usiku wa baridi. Ghala la giza lenye matundu yanayofunguliwa usiku na kufungwa mchana hutumia baridi hiyo bila umeme. Giza ni lazima, maana mwanga hukifanya kiazi kuwa kijani na kukijaza sumu ya solanini. Majani yakikatwa wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, ganda hukomaa na halichubuki ovyo. Hakuna ghala litakaloigeuza Shangi kuwa kiazi cha miezi sita, na anayeahidi hivyo anadanganya. Ila wiki tatu au nne za ziada zinatosha kuvuka kilele cha mavuno, na zikiunganishwa na ushirika wenye mizani yake, mnunuzi anakuta bidhaa iliyokwisha kupimwa.

Dalali hataondoka, na hakuna haja aondoke. Analeta pesa taslimu na lori mahali ambapo barabara ni tope. Anayepaswa kuanza ni serikali ya kaunti, kwa hatua isiyohitaji kungoja Nairobi: katika sheria yake ya fedha ya mwaka, ushuru wa viazi uandikwe kwa kilo, na sehemu ya fedha hizo ijenge maghala na kuweka mizani pale mazao yanapokusanywa, si kwenye kizuizi cha barabara ambako mkulima hayupo.