Mizani ya Nasaba: Kuitambua Kazi Njema ya Kutafuta Wahenga wa Kiayalandi

Mtu akikuletea shajara ya ukoo wa Kiayalandi iliyopambwa kwa ngao na maji ya dhahabu, nayo ikapanda kizazi baada ya kizazi pasipo pengo hata ikamfikia Brian Boru, mfalme aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, una haki ya kuisifu karatasi yake na mwandiko wake mzuri, lakini nasaba iliyomo usiinunue. Ufundi huu haupimwi kwa urefu. Mwenye jicho la kazi hutazama kwanza mahali pale shajara inapokatika, akauliza imekatika kwa sababu gani, kwa maana nasaba ya mkulima wa Ayalandi isiyokatika popote aghalabu imeungwa kwa kubuni.

Sababu ya kukatika inajulikana, nayo ina tarehe. Mnamo tarehe 30 Juni 1922, katika siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za serikali lililokuwa katika eneo la mahakama za Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuwaka moto, na karatasi za karne nyingi zikapeperuka juu ya mapaa ya mji. Hapo ziliteketea, isipokuwa vipande vichache, hesabu za watu za miaka ya 1821, 1831, 1841 na 1851. Ukateketea wasia wa watu wasiohesabika. Zikateketea na daftari nyingi za ubatizo, ndoa na maziko za Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana, ambazo, kwa kejeli ya ajali, zilikuwa zimekusanywa pale ili zihifadhike. Lakini fundi wa kweli hausingizii moto ule maovu yote. Hesabu za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe baada ya kutumika, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hivi kwamba hesabu kamili za mwanzo zilizotufikia ni za 1901 na 1911. Na mengi hayakuwamo jengoni siku ile: daftari za serikali za vizazi, ndoa na vifo, zilizoanza kuwaandikisha watu wa dini zote tarehe 1 Januari 1864, zilitunzwa kwingine, na daftari za Kikatoliki zilikuwa mikononi mwa mapadri parokiani. Basi mtafiti akikuambia kwamba haiwezekani kitu kwa kuwa yote yaliungua, mwepuke kwa uvivu wake. Na akikuambia kwamba ameikuta familia yako nzima katika hesabu ya 1841, mwombe kwa adabu akuonyeshe karatasi aliyoisoma, kwani yamkini ni kipande kilichosalia, na yamkini pia si kitu.

Linalofuata ni suala la fedha, ambalo wanunuzi wengi huliuliza kombo kwa kutaka kujua ni duka gani lenye maandishi mamilioni mengi zaidi. Makampuni ya intaneti yanayotoza ada kwa mwezi au kwa mwaka, kama Ancestry na Findmypast, huuza ruhusa ya kupekua, ithibati hayauzi. Na ajabu ya Ayalandi ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ulio bora hutolewa bure. Hesabu za 1901 na 1911 zimewekwa wazi na Nyaraka za Taifa. Picha za daftari za serikali, kwa vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75 na vifo vilivyopita miaka 50, hutolewa na serikali pasipo malipo. Na tangu Julai 2015 Maktaba ya Taifa mjini Dublin imezitandaza picha za daftari za Kikatoliki, nyingi zikiishia karibu na mwaka 1880, kwa kila atakaye kuzisoma. Mtafiti anayekulipisha ada ya vitu hivi bila kukujulisha kwamba mlango wa bure upo, ama hajui kazi yake, ama anaijua kupita kiasi.

Haimaanishi kwamba ada ni hasara tupu. Picha za Maktaba hazina faharasa ya majina, na mtu asiyeijua parokia yake atafunua kurasa zilizofifia hata macho yamchoke, ilhali faharasa za makampuni zitamwelekeza kwa dakika chache. Kwa maoni yangu, atakayelipia kitu kimoja tu na alipie mwezi mmoja wa RootsIreland, mahali zilipokusanywa nakala zilizochapwa na vituo vya kaunti kutoka katika daftari za makanisa, kwani wasomaji wa vituo vile walikuwa wenyeji, na mwenyeji husoma jina la kitongoji chake kwa wepesi hata padri akiwa ameliandika kwa kalamu mbovu. Aibu yake ni kwamba kwa kawaida hutoa maneno bila picha. Ndiyo maana kazi njema utaiona kwa safari yake ya pili: mtafiti ameipata habari katika nakala ya kulipia, kisha amekwenda kwenye picha ya bure, ameusoma mstari wenyewe, naye amekuandikia parokia, tarehe na ukurasa. Asiyefanya safari hiyo amekuuzia masikio ya mtu mwingine.

Findmypast nayo ina hazina zake, na iliyo tamu kuliko zote ni daftari za leseni za mbwa. Sheria ya mwaka 1865 ilimtoza kila mwenye mbwa shilingi mbili kwa mwaka pamoja na ada ndogo ya karani, na makarani wakaandika jina la mwenyewe, kitongoji chake, na hata rangi ya mnyama. Maskini asiyekuwa na ardhi wala wasia, asiyetajwa na mwandishi yeyote wa tarihi, huonekana humo mwaka baada ya mwaka pamoja na mbwa wake mweusi, na mwaka anapokosekana mtafiti mwerevu huanza kumtafuta makaburini au melini. Ukiona daftari hizi zimetumika katika kazi uliyoletewa, jua umempata mtu anayeipenda kazi yake.

Lakini kiini cha ufundi wote ni mahali. Ayalandi imegawanyika katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vikiwa na nyumba chache tu, na juu ya vitongoji ziko parokia za serikali, ambazo mipaka yake hailingani na ya parokia za Kikatoliki, kisha tarafa za zamani, kisha kaunti 32. Akina John Murphy wa kaunti ya Cork peke yao wangeweza kujaza soko. Jina, basi, halimtambulishi mtu mpaka liambatane na kitongoji, na shajara inayosema kwamba babu alizaliwa "Ayalandi", au hata "Cork", bila zaidi, haijaanza kazi. Hapo ndipo daftari ya Richard Griffith ya kukadiria kodi ya ardhi, iliyotolewa kati ya 1847 na 1864, hupata heshima yake, kwa kuwa humtaja kila mkaaji wa nyumba au shamba, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na mwenye ardhi aliyempangisha; ila ifahamike kwamba humtaja mkuu wa nyumba peke yake, wala haimtaji mkewe, wanawe, au kibarua aliyelala katika banda la mwingine.

Kwa aliyehama, jina la kitongoji aghalabu hupatikana kwanza huko alikokwenda. Makarani wa hesabu za Marekani walitosheka na neno moja la nchi. Ila ile benki ya akiba ya wahamiaji iliyofunguliwa New York mwaka 1850, ikitaka kumtambua mteja asiyejua kuandika, ilimwuliza parokia yake, wazazi wake, ndugu zake na meli iliyomleta, ikaandika yote. Daftari zake zimo Ancestry, na kwa hizo nakubali kwamba ada imestahili. Na gazeti la Boston Pilot lilichapisha tangu 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliowatafuta ndugu waliopoteana nao, yakitaja parokia na mwaka wa kuondoka kwa uchungu ambao hakuna karani angeweza kuubuni.

Katika umri, mpimaji awe mlegevu. Katika ujamaa, awe mkali. Mwaka 1908 ilipitishwa sheria ya pensheni kwa wazee waliotimiza miaka 70, ikaanza kulipwa Januari 1909, na kwa kuwa wazee wale walizaliwa kabla ya serikali kuandikisha vizazi, iliwabidi waombe watafutiwe majina yao katika hesabu za 1841 na 1851. Fomu za maombi hayo zimesalia ilhali hesabu zenyewe zimeungua, nazo ni miongoni mwa vito vya kazi hii. Upande wa pili wa jambo hilo huchekesha: linganisha hesabu ya 1901 na ya 1911, utawaona watu waliozeeka miaka kumi na mitano, hata ishirini, katika muda wa miaka kumi. Kadhalika utakuta mtoto aliyebatizwa kabla ya siku ambayo daftari ya serikali inasema amezaliwa. Si muujiza, ni baba aliyechelewa kumwandikisha, akasogeza tarehe ili asitozwe faini. Mtafiti hodari hamkatai mtu kwa tofauti kama hizo, bali huamini ubatizo kuliko cheti. Majina nayo yana hila zake: Bridget wa kanisani ni Delia wa Marekani, Honora ni Nora, padri humwandika James kwa Kilatini kuwa Jacobus, na O' ya ukoo huanguka kwa kizazi kimoja na kurudi kwa kingine.

Ukali unahitajika pale watu wawili wanapofanana. Tarehe 1 Januari 1892 kituo cha Ellis Island kilifunguliwa katika bandari ya New York, na mhamiaji wa kwanza kuandikwa alikuwa binti wa kutoka Cork, Annie Moore, aliyefika kwa meli Nevada pamoja na wadogo zake wawili wa kiume. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kwamba binti yule alikwenda magharibi, akaishi Texas na kufa huko kwa kugongwa na gari la reli. Kizazi cha mama wa Texas kilialikwa katika sherehe, na habari yake ikarudiwa vitabuni. Hata mtafiti Megan Smolenyak alipoyafuata maandishi ya mama yule, akakuta kwamba alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Aliahidi zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemsaidia, na mwaka 2006 ikabainika kwamba Annie wa Cork hakuondoka New York: aliolewa na mume wa asili ya Kijerumani, akazaa watoto wengi na kuwazika kadhaa wangali wachanga, akafa mwaka 1924 na kulazwa katika makaburi ya Calvary, Queens, bila jiwe la jina. Ajabu si kwamba watu walikosea. Ajabu ni kwamba kosa lilidumu muda mrefu namna ile, ilhali karatasi za kulikanusha zilikuwapo, kwa sababu kisa cha Texas kilikuwa kizuri na kila msimulizi alikipokea kutoka kwa mwenzake. Vidokezo vinavyorukaruka katika tovuti za kulipia, vikikutaka uunge jina la babu yako na shajara za wageni, ni masimulizi ya namna hiyohiyo, ila yana mbio zaidi. Kipimo cha DNA kwa mate husaidia kuthibitisha ujamaa wa karibu, kitongoji hakikutajii.

Mfano wa kazi iliyosimama vyema ni nasaba ya Barack Obama upande wa mama, ambayo wasomaji wa Kenya, wanaoujua upande wa baba, ule wa Kogelo, bila kuambiwa, huenda hawakuitazama kwa makini. Vizazi vitano nyuma yake yuko Falmouth Kearney, mwana wa mshona viatu wa Moneygall, kaunti ya Offaly, aliyehama mwaka 1850 akaenda Ohio. Mnyororo ule ulifuatwa pete kwa pete kutoka Marekani, na pete ya mwisho ikatiwa mwaka 2007 na kasisi wa Kianglikana, Stephen Neill, aliyekuta jina la ukoo katika daftari za parokia ya Templeharry. Laiti daftari zile zingalipelekwa Dublin kama zilivyopelekwa nyingi za kanisa lile, moto wa 1922 ungalizila, na Rais asingalikuwa na kijiji cha kuzuru Mei 2011. Na tazama unyenyekevu wa kazi yenyewe: inasema fundi viatu, inasema kijiji, inasema mwaka, na haisemi mfalme.

Ukiajiri mtu, basi, usimwombe ahadi ya vizazi. Mwombe orodha ya daftari alizozipekua bila kupata kitu, kwa maana hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyoweza kughushiwa kwa urahisi, na itakuepusha kumlipa mwingine kesho kwa kupekua palepale. Mwulize pia alimtenga vipi babu yako na wenzake wa jina lilo hilo katika parokia ileile: kwa wasimamizi wa ubatizo, kwa jirani waliotajwa na Griffith, kwa jina la ukoo wa mke, au kwa nini. Ada ya kutafuta ukoo wa Dublin wenye nyumba na duka inaweza kukufikisha karne ya kumi na nane, maana parokia kadhaa za mjini na za mashariki zina daftari za zamani hizo. Kwa ukoo wa Mayo au Galway, walikokodi vishamba vya viazi na ambako parokia nyingi hazina daftari ya kabla ya miaka ya 1820 au 1830, mtafiti akikuandikia kwamba amemfikia mume na mke waliobatiza mtoto wao mwaka 1838, kwamba wazazi wa wawili hao hawakuandikwa katika daftari yoyote iliyosalia, na kwamba ameishia hapo, mlipe ujira wake wote.