Zimwi Likujualo: Kumbukumbu na Uwajibikaji wa Mchezaji katika Undertale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Undertale, mchezo wa kompyuta wa kifantasia uliotungwa na Toby Fox wa Marekani na kutolewa mwaka 2015. Hoja kuu ni kwamba mchezo huo unaifanya kumbukumbu ya kompyuta kuwa sehemu ya msuko, na hivyo kumwondoa mpokezi katika nafasi ya hadhira isiyo na lawama. Kwa kuulinganisha na ngano za Kiswahili, makala yanaonyesha kwamba uwajibikaji huo ni mafanikio makubwa ya kisanaa, ila umegawanywa kwa upande mmoja: mtunzi anamtwika mchezaji mzigo ambao sehemu yake ni wake mwenyewe.

Utangulizi

Katika ngano nyingi za Kiswahili zimwi huingia hadithini likiwa limekwisha kuhukumiwa. Linameza watu, linawindwa, linauawa. Fanani halililii, wala hadhira haiulizi lilikuwa na jina gani. Michezo ya kompyuta ya kifantasia, ile ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kumkuza kwa safari na mapigano, kwa kawaida hufuata kaida inayofanana na hiyo na kuiongezea hesabu: kila kiumbe kinachouawa humpa shujaa alama za tajriba, na alama zikitimia shujaa hupanda daraja. Kuua, kwa hiyo, si tukio la msuko tu, bali ni kipimo cha ukuaji.

Undertale unaihoji kaida hiyo kutoka ndani. Ni zao la utunzi huru: Fox aliandika hadithi, akatunga muziki na kuunda programu, akisaidiwa katika michoro hasa na Temmie Chang, kwa kutegemea zaidi ya dola 51,000 zilizochangwa na umma mwaka 2013. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Michezo ya makampuni makubwa huundwa na mamia ya watu. Huu una mtunzi mmoja anayetambulika, hivyo swali la nani anawajibika kwa yaliyomo linaweza kuulizwa waziwazi.

Nadharia za upokezi zimekwisha kumpa msomaji kazi. Wolfgang Iser alieleza jinsi msomaji anavyojaza mapengo ya matini akilini mwake. Espen Aarseth, katika Cybertext (1997), alikwenda mbele zaidi na kuonyesha matini ambazo hazipitiki mpaka mpokezi atende jambo ili kujipatia njia. Undertale unaongeza hatua ya tatu: alichotenda mpokezi kinawekwa kumbukumbu, kisha kinaletwa mbele yake kama ushahidi.

Kutoka li- hadi a-

Mtoto wa binadamu anaanguka ndani ya Mlima Ebott, mahali ambapo mazimwi yalifungiwa kwa uchawi baada ya kushindwa vita na binadamu. Kila anapokutana na zimwi, mchezaji huwekewa njia nne: kupigana, kutenda, kutumia kifaa, au kuhurumia. Kiini cha mchezo kimo katika njia ya pili. Shyren, mwimbaji mwenye haya, huvumiwa wimbo hadi naye akathubutu kuimba na umati ukakusanyika kumsikiliza. Mbwa mmoja mlinzi anahitaji kupapaswa tu, na kadiri anavyopapaswa ndivyo shingo yake inavyorefuka kupita mipaka ya skrini. Ili pambano liishe bila damu, sharti mchezaji ajue kiumbe huyu anaogopa nini na anapenda nini.

Sarufi ya Kiswahili inalifafanua badiliko hili vizuri. Zimwi la ngano aghalabu husimuliwa kwa upatanisho wa li-/ya-, unaolikuza na papo hapo kulitenga na watu. Likishapewa jina, haya na wimbo, msimulizi hana budi kuhamia a-/wa-. Sentensi zilizotangulia katika aya iliyopita zimehama hivyo hivyo, kwa kuwa haiwezekani kumsimulia Shyren kama kitu bila kuipotosha hadithi. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Undertale unaigeuza: binadamu amjuaye zimwi hamuui. Kujua ndiko kunakouzuia mkono.

Kwa upande mwingine, hesabu ya daraja inadai kutojua. Karibu na mwisho wa safari, Sans, mhusika wa mifupa mitupu aliyekuwa akitania tangu mwanzo, anamsimamisha mtoto ukumbini na kumfafanulia vifupisho viwili vilivyokuwa mbele ya macho yake muda wote. EXP, ambayo mchezaji mzoefu huichukulia kuwa tajriba, ni alama za kuua. LOVE, ambayo husomeka kama neno la Kiingereza lenye maana ya upendo, ni kiwango cha ukatili, yaani uwezo wa kuumiza wengine unaokua kadiri mtu anavyojitenga nao. Kinaya hiki ni cha kiisimu kabla ya kuwa cha kimaadili. Mchezo haukudanganya, mazoea ya kusoma ndiyo yaliyomfanya mchezaji asiulize maana.

Kumbukumbu kama shahidi

Katika michezo mingi, kuhifadhi hatua na kuirudia ni huduma iliyo nje ya hadithi, kama alama iwekwayo kati ya kurasa za kitabu. Katika Undertale kitendo hicho kimo ndani ya ulimwengu wa hadithi. Mfano ulio wazi ni wa Toriel, mlezi wa Magofu, anayemzuia mtoto kuondoka kwa kumpenda. Mchezaji anayejaribu kumdhoofisha tu, akidhani ndiyo njia ya kumhurumia, huona pigo moja likizidi ghafla matarajio yake na Toriel akafa. Wengi hurudi nyuma na kumwokoa. Wanapotoka Magofuni, ua lisemalo liitwalo Flowey linawaambia kwamba linajua walichofanya, kwamba waliua, wakajuta, wakarudi. Kosa limefutwa katika msuko, lakini halikufutwa katika kumbukumbu.

Flowey ndiye mhusika mzito kuliko wote kwa sababu ni taswira ya mpokezi mwenyewe. Kabla ya mtoto kuja, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kurudisha wakati. Alianza kwa kumsaidia kila mtu. Alipokwisha kusikia kila jibu la kila mtu, alianza kuua ili tu aone kitakachotokea, hadi wenzake wakawa kwake seti za maneno na tarakimu. Huyu ni msomaji aliyeimaliza matini na kubaki na udadisi usio na upendo. Hata watazamaji hawakusalimika: katika njia ya mauaji, Flowey anawabeza wale wanaotaka kuona ukatili lakini hawana ujasiri wa kuutenda wenyewe. Katika zama ambazo wengi huijua michezo kwa kutazama video za wachezaji wengine na kuijadili, kauli hiyo inamfikia pia mhakiki anayetafuta kila mwisho ili aufafanue.

Mzigo ni wa nani?

Njia ya mauaji haikanyagwi kwa bahati mbaya. Katika Magofu pekee mchezaji hana budi kuua mazimwi 20, akizunguka hadi mapambano yaitikiwe na ukimya kwa kuwa hakuna aliyebaki. Papyrus, ndugu yake Sans, anafungua mikono amkumbatie muuaji, na anakufa akiamini kwamba anaweza kutengenea. Mwishoni ulimwengu wote hufutwa. Anayetaka urudishwe huuza roho yake, na tangu hapo hata mwisho wa amani hubaki na doa.

Hapa ndipo panapohitaji kupingwa. Fanani wa ngano za Kiswahili ana kaida ya kufunga hadithi kwa kusema kwamba ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya ni yake mwenyewe. Fomula hiyo ni mgawanyo wa uwajibikaji: wema unashirikiwa, ubaya unabebwa na aliyesimulia. Undertale unaupindua mgawanyo huo. Ubaya wote ni wa mchezaji, ilhali pambano na Sans, lililo gumu kuliko yote na lenye muziki unaopendwa sana, limewekwa katika njia ya mauaji pekee. Mtunzi aliyeandaa karamu nono nyuma ya mlango uliokatazwa hawezi kunawa mikono anapolaumiwa aliyeufungua.

Yapo ya kumtetea. Njia hiyo imefanywa kuwa ya kuchosha kwa makusudi. Muziki wake umezoroteshwa, miji imeachwa mitupu, na maonyo ni mengi. Uchovu huo ni hoja ya kisanaa: mchezaji anaweza kuacha wakati wowote, na asipoacha amejibu. Hata hivyo, utetezi huu unathibitisha kwamba mchezaji ana hatia. Hauthibitishi kwamba ana hatia peke yake.

Hitimisho

Mchezaji anayefika mwisho wa amani na kuufungua mchezo tena hukutana na Flowey, anayemsihi awaache wahusika waishi na furaha yao. Ngano hufungwa na fanani. Hii inamwomba mpokezi aifunge yeye. Ombi hilo ndilo thamani kubwa ya Undertale kwa uhakiki wa fasihi, kwa kuwa linaonyesha kwamba hadhira yenye uwezo wa kutenda haiwezi kuhesabiwa miongoni mwa wasio na lawama, na kwamba kumheshimu mhusika kunaweza kumaanisha kuacha kumsoma. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya fomula ya fanani. Zimwi limemjua mchezaji na kumtaja alichotenda; mtunzi, aliyewajua wote wawili tangu mwanzo, hakujitaja.