Sehemu ya Pili Sio Nusu Iliyobaki

Tusidanganyane. Kwetu "Part 2" ilishakuwa neno la biashara, sio neno la sanaa. Miaka ile ya kanda, na baadaye ya CD na DVD, mnunuzi wa filamu za Bongo alizoea kulipia hadithi moja mara mbili. Stelingi yuko katikati ya balaa, picha inakatika, unaambiwa ukanunue sehemu ya pili. Ukiinunua unakuta hakuna jipya, ni mkate ule ule uliokatwa na kisu. Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tumeambukizwa. Hadithi ikitushinda kumaliza tunaandika "itaendelea", kisha huyo, tunaenda kulala.

Ndiyo maana leo nataka kuzungumzia katuni. Usicheke, msomaji. Nazungumzia Kung Fu Panda 2 ya mwaka 2011, na nasema bila aibu kwamba kwa kijana anayejifunza kuandika, picha ile ina somo zuri kuhusu sehemu ya pili.

Tuanze na ile ya kwanza, ya 2008. Po ni panda mnene, mlafi, mwana wa Bwana Ping anayeuza supu ya tambi. Tatizo ni kwamba Bwana Ping ni bata bukini. Bata kamzaa panda! Picha nzima hakuna anayeuliza. Ni kichekesho, watu wanacheka, Po anampiga adui, mwisho. Mwandishi mvivu angefanya nini kwenye sehemu ya pili? Angeleta adui mkubwa zaidi na ngumi nyingi zaidi. Adui mkubwa kweli kaletwa: Shen, tausi aliyechukua baruti ya fataki za wazazi wake akatengeneza mzinga wa kuulia watu. Lakini waandishi, Jonathan Aibel na Glenn Berger, walirudi kwenye kile kichekesho wakauliza swali ambalo sote tuliliacha lipite: hivi huyu mtoto alitoka wapi?

Jibu linauma. Shen alitabiriwa kwamba shujaa wa rangi nyeusi na nyeupe atamwangusha, akaamua kuwaua panda wote. Mama wa Po alimficha mwanawe ndani ya sanduku la figili, akakimbia upande wa pili ili maadui wamfuate yeye. Sanduku likafika kwenye mgahawa wa bata. Kumbe mzaha wa 2008 ulikuwa umekalia kidonda. Hapo ndipo sehemu ya pili inapohalalisha kuzaliwa kwake. Haikuongeza urefu wa hadithi, ilichimba chini ya ile ya kwanza.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Jennifer Yuh Nelson, mzaliwa wa Korea Kusini. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake katuni ndefu ya studio kubwa ya Hollywood. Hakudondoka toka mbinguni. Kwenye ile ya kwanza alisimamia uchoraji wa mtiririko wa hadithi, na ndiye aliyeongoza ile ndoto ya mwanzo iliyochorwa kwa mtindo wa michoro bapa. Sehemu ya pili ilipokuja kwake, aliutumia tena mtindo huo kwa kumbukumbu za Po. Mambo ya leo yanaonekana manene na yenye kina, mambo ya utotoni yanaonekana bapa kama picha ya kitabu. Hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa kwamba sasa tumeingia kichwani mwa Po. Tena kikosi chake kilisafiri hadi Chengdu, China, mwaka 2008, kikaangalia milima, majengo ya kale na panda wenyewe. Sisi tunaandika juu ya Dar bila kuvuka Chalinze.

Mapokezi yalikuwaje? Picha iligharimu kiasi cha dola milioni 150. Ndani ya Marekani iliingiza kama milioni 165, wakati ile ya kwanza ilikuwa imepata kama milioni 215. Wapo waliosema panda kachoka. Lakini dunia nzima ilipata kama milioni 665, ikaipita ile ya kwanza. Tuzo ya Oscar iligombea, ikashindwa na Rango. Kwa hiyo ukiuliza "ilifaulu?", jibu linategemea unasimama wapi.

Mimi nilisimama, au tuseme nilibanana, kwenye kibanda umiza hapa Maji ya Chai, benchi la mbao, TV moja, picha imetafsiriwa. Wenzangu wa mjini wanawadharau watafsiri. Mimi siwadharau. Toka enzi za Kapteni Mukandala, yaani Lufufu wa Dar, hadi DJ Afro wa Kenya, watu hawa wamekuwa wakifanya kazi ya uandishi bila kuitwa waandishi. Mtafsiri wetu siku ile alimfanya Bwana Ping aongee kama baba ntilie wa stendi, anayeogopa mwanawe asije akaona aibu juu yake. Banda zima lilicheka. Ilipofika pale bata anakiri kwamba alimwokota, hakuna aliyecheka. Huku kwetu watoto waliolelewa na bibi, na mjomba, na mama mdogo, ni wengi. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Methali ile tunaitamka harusini kama pambo, siku ile ilikaa benchini na sisi.

Kasoro zipo, tena siyo ndogo. Wale wapiganaji watano, ukimtoa Tigress, wamekuwa mapambo ya ukutani. Crane na Mantis wanaongea mzaha mmoja mmoja kisha wanapotea. Halafu picha haiamini ukimya. Kila huzuni ikikaribia kukomaa, Po anaangushwa ili mtoto acheke. Na ile "amani ya ndani" ambayo bwana Shifu anaihubiri, Po anaipata ghafla mno, kana kwamba kidonda cha miaka ishirini kinapona kwa pumzi moja. Hata hivyo ule mwisho, Po anapozishika risasi za mzinga kwa mikono laini na kuzirudisha, nausifu. Ngumi zenyewe zimegeuka kuwa maana. Anapokea chuma cha moto cha yule aliyeua ukoo wake, hakizuii, anakigeuza.

Liko jambo la mwisho, na hili ndilo linanikosesha usingizi. China kwenyewe picha ilipendwa na kuuza sana, lakini wapo waliokasirika. Msanii Zhao Bandi alitaka watu waisusie. Wengine waliuliza: panda ni wetu, kung fu ni yetu, mbona katuni imetoka Marekani? Mwaka 2016 sehemu ya tatu ilitengenezwa kwa ushirikiano na studio ya Shanghai, na toleo la Kichina likachorwa upya midomo ili ifuate maneno ya Kichina. Waliuliza, wakapata midomo.

Sisi je? Mwaka 1994 Disney waliita simba wao Simba na nyani wao Rafiki, na baadaye wakasajili "hakuna matata" kama alama yao ya biashara. Tulifurahi tu kusikia Kiswahili. Sisemi tususie. Nasema tuulize. Katuni za Kiswahili zinawezekana: Ubongo Kids imechorwa Dar na ikaanza kuonekana kwenye televisheni mwaka 2014. Ila kabla ya kuchora lazima kuwe na hadithi, na hadithi haihitaji dola milioni 150. Inahitaji kalamu, daftari na mtu mwenye subira.

Basi mwandishi mwenzangu, kaitoe kabatini ile hadithi yako uliyoiandikia "itaendelea". Usiiongezee adui. Tafuta mahali ulipochekesha watu ili usiulizwe swali. Sehemu ya pili inaanzia hapo.