Preseti Moja kwa Ibada Nzima

Mpiga solo wa kwaya ana kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Katika ibada moja, iwe Kasulu au Kibondo, anatakiwa kutoa gitaa laini la kuabudu lisilofunika maneno ya wimbo. Dakika chache baadaye anatakiwa kupiga rizimu kavu nyuma ya kinanda, na sebene ikianza gitaa hilohilo liwe na ukali wa kupenya ngoma, besi na vigelegele chini ya paa la bati. Amplifaya nzuri ya gitaa haipatikani kila kanisa, kwa hiyo gitaa huchomekwa kwenye mikisa, na pale palipo na uwezo hupitishwa kwanza kwenye kifaa kidogo cha kidijitali kinachoiga amplifaya, spika na pedali. Vifaa vya namna hiyo vilianza kuzoeleka duniani baada ya kampuni ya Line 6 kutoa POD mwaka 1998, na vya leo huja na preseti nyingi, yaani mipangilio ya sauti iliyokwisha kuandaliwa kiwandani. Wapigaji wengi huona utajiri uko hapo: wimbo huu na preseti yake, wimbo ule na yake. Mimi nawasifu wale wachache wanaochagua preseti moja, wakaijua hadi mwisho wake, wakatoa humo sauti zote za ibada kwa vidole na kwa vitufe vya gitaa lenyewe. Nashikilia kwamba huo ndio ufundi wa juu, hata kwa mtu anayeweza kununua kifaa chochote akitakacho.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye umeme wenyewe. Amplifaya ikipewa wimbi kubwa kuliko inavyoweza kulibeba, vilele vya wimbi hukatwa, na mkato huo ndio tunaousikia kama mkwaruzo. Wimbi lililokwisha kukatwa vilele haliwezi kukua zaidi. Ndiyo maana mpigaji akipunguza nusu ya umeme unaotoka kwenye gitaa, mkwaruzo hupungua sana, ilhali ukubwa wa sauti inayowafikia wasikilizaji hupungua kidogo tu. Kifaa kinachoiga amplifaya vizuri huiga na tabia hii. Basi preseti iliyowekwa ukingoni, pale ambapo uzi ukiguswa kwa upole unalia safi na ukipigwa kwa nguvu unakwaruza, ina sauti kadhaa ndani yake kabla mguu haujagusa kitu. Ongeza hapo mahali pa kupigia uzi. Ukipigwa katikati kabisa, uzi hutoa sauti ya mviringo, kwa sababu nusu ya sauti za juu zinazoambatana na sauti yake ya msingi haziamki. Ukipigwa karibu na daraja, zote huamka na gitaa likawa jembamba na kali. Kisha ipo swichi ya kuchagua pikapu, ile ya shingoni iliyo nene au ile ya darajani inayong'ata. Gitaa la Stratocaster lilipotoka mwaka 1954 swichi yake ilikuwa na nafasi tatu tu; wapigaji wakagundua kwamba ikisimamishwa kati ya nafasi mbili, pikapu mbili hulia pamoja na kutoa sauti ambayo kiwanda hakikuikusudia. Fender iliweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977, miaka mingi baada ya vidole kuzipata zile sauti mbili za katikati. Kisa hicho nakipenda, maana kinaonyesha ni nani aliyemtangulia mwenzake.

Katika nyanda hizi za juu za Kasulu na Kibondo hoja hii haihitaji kuazimwa mbali. Mpaka wa Burundi uko jirani, Kiha na Kirundi vinaelewana, na Burundi na Rwanda zina umuduri: upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, unaogongwa kwa kijiti. Sauti za msingi za uzi ule ni chache mno, lakini mpigaji husogeza mdomo wa kibuyu kifuani na kuutoa, akaufunga na kuufungua, na mlio ukawa mzito, ukawa mwembamba, ukawa kama unasema. Hakuna alichobadilisha kwenye ala. Inanga nayo ni kamba moja ndefu iliyopitishwa mara kadhaa, kwa kawaida mara nane katika zile za Burundi, juu ya ubao uliochongwa mfano wa mtumbwi. Mwimbaji hunong'ona maneno, na sikio la msikilizaji huchukua tuni kutoka kwenye nyuzi na kuivisha mnong'ono, hata mtu akaamini kwamba yule mwimbaji anaimba kwa sauti. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Katanga, Jean-Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 alitumia kidole gumba na cha shahada kwenye gitaa kavu lisilo na umeme wowote, akatoa besi na solo kwa wakati mmoja, na kila sehemu ikawa na rangi yake. Sisemi kwamba mpiga solo wa Kasulu anarithi mambo haya moja kwa moja kutoka kwa mpiga umuduri. Nasema sikio la eneo hili limekwisha kufunzwa, kwa vizazi, kusikiliza mkono kabla ya kuhesabu vifaa.

Wapo watakaouliza: preseti nyingine ikiwa chini ya mguu, kwa nini nijitese? Jibu liko ukumbini. Katika vifaa vingi, kuhama preseti hulazimisha kompyuta iliyo ndani kupakia amplifaya na pedali upya, na hapo sauti hukatika kwa kitambo kidogo, na mwangwi uliokuwa ukififia hufa ghafla. Kitambo hicho kikiangukia kwenye mlango wa sebene, kila mtu hukisikia. Vifaa vya bei kubwa vimepunguza tatizo hili kwa kuweka hali kadhaa ndani ya preseti moja, jambo ambalo kwangu ni ushahidi kwamba hata watengenezaji wameona njia iko wapi. Lakini kubwa zaidi ni kulinganisha sauti. Preseti nyingi hupangwa nyumbani kwa hedifoni, kwa sauti ndogo, na tangu vipimo vya Fletcher na Munson vya mwaka 1933 inajulikana kwamba sauti ikiwa ndogo sikio huipokea besi kwa uchache. Preseti iliyonoga chumbani huvuma vibaya kanisani. Aliyeleta moja ataisahihisha mara moja, wakati wa kupima vyombo. Aliyeleta kumi ana marekebisho kumi, na kijana anayeshika mikisa hawezi kujua ni ipi inayofuata wala itatoka kwa nguvu gani. Tena ukumbi haukai vilevile. Mvua ya masika ikianza kupiga bati, gitaa lililotosha linamezwa, na mwenye kutegemea mkono wake huongeza pale pale.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba huku ni kuusifu uhaba. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na ni rahisi kuugeuza upungufu kuwa fadhila. Nalikubali onyo hilo. Ila utajiri wa sauti katika muziki wa dansi haukutoka kwenye wingi wa pedali: bendi ziligawa solo, solo ya pili na rizimu kwa wapigaji tofauti, na Wakongo wakaongeza gitaa la katikati, mi-solo, ambalo mara nyingine lilifungwa uzi mwembamba mahali pa uzi wa nne ili lilie juu zaidi. Rangi ilitafutwa kwenye nyuzi na mikono. Masikio ya jadi hiyo yako karibu kabisa, kwa sababu kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo, ina kwaya zinazolijua gitaa la sebene tangu utoto.

Ipo mipaka, nayo isifichwe. Preseti ya mkwaruzo mzito sana haisafiki hata kitufe kishushwe vipi, na ile iliyo safi kupita kiasi haikwaruzi. Ya kuchagua ni ya katikati. Kushusha sauti ya gitaa hupunguza pia ung'avu, kwa sababu ukinzani wa kitufe na waya mrefu hula masafa ya juu. Hilo fundi redio yeyote analitibu kwa kapasita ndogo iliyochomelewa kwenye miguu ya kitufe. Mwangwi na korasi mkono hauwezi kuzitengeneza, basi ziwekwe ndani ya preseti ileile, kila moja na swichi yake. Na kwa anayeanza, mpangilio ni huu: fungua gitaa lote, piga kama unavyopiga sebene ikiwa imepamba moto, uongeze mkwaruzo wa kifaa mpaka hapo tu inapotosha, usivuke. Kisha acha kifaa kama kilivyo, na wiki nzima ya mazoezi iwe ya kitufe kimoja, kile cha sauti. Kwenye Stratocaster na nakala zake kiko karibu na nyuzi, kidole kidogo kinakizungusha huku piki ikiendelea kupiga.