Fundi Asiyezima Rauta

Mtandao ukigoma, wengi wetu huzima rauta, tukahesabu hadi kumi, tukaiwasha tena. Pengine mambo yakakaa sawa, na hiyo ndiyo hasara: chanzo hakijajulikana, na ushahidi wake umefutika. Wiki ijayo tatizo litarudi. Ninaowasifu hapa ni mafundi wanaokataa njia hiyo ya mkato. Wapo Kihoto, mtaa wa Naivasha unaopakana na ziwa, wanakoishi wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Kazi ya seremala utaipapasa kwa mkono. Ya hawa ikifaulu, hakuna anayejua kwamba walikuwepo.

Ofisi, kliniki au duka la jumla linaweza kuwa na seva yake pale pale ndani, yenye stoku na mauzo ya siku, ilhali mfumo wa malipo au wa ripoti uko kwenye mashine za Nairobi, Cape Town au Ulaya. Mashine hizo zikiacha kuwasiliana, keshia hutangaza kwamba mtandao umepotea. Fundi hodari haridhiki na habari hiyo. Huuliza: “Mama, ni nini hasa kimekataa? Tangu saa ngapi? Jana kuna kitu kilibadilishwa?”

Huanzia chini: umeme, taa za rauta, kebo. Huku si kupoteza wakati. Ziwa lilifurika hadi ndani ya nyumba za Kihoto mwaka 2020, na tena 2025. Anayeishi hapa anajua kwamba hitilafu ya mfumo ulioko ng’ambo yaweza kuwa soketi iliyolowa. Kisha huikata njia vipande. Je, seva inaifikia rauta? Rauta inamfikia mtoa huduma? Jina la mfumo wa mbali linaleta anwani sahihi ya IP? Poti 443, mlango wa mawasiliano salama ya wavuti, inajibu? Ikikataa waziwazi, kwa kawaida umeifikia mashine ila hakuna programu inayosikiliza. Ikinyamaza, mara nyingi kuna faiawoli, kinga ya mtandao, inayozitupa pakiti, yaani vipande vya data, kimya kimya. Asiyetofautisha kukataa na kunyamaza atashinda kutwa akitafuta upande usiohusika.

Chombo chake cha kwanza ni ping, programu inayotuma pakiti kwa mashine nyingine na kusubiri jibu. Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya Jeshi la Marekani, aliiandika usiku mmoja wa Desemba 1983 kwa sababu mtandao wao ulikuwa unasumbua. Ilikamilika kabla ya jua kuchomoza, lakini mwenzake alikuwa ameshatengeneza kilichoharibika kabla hajatuma hata pakiti moja. Zaidi ya miaka 40 baadaye programu ile bado inatumika, na mimi naiona kuwa miongoni mwa zawadi kubwa ambazo fundi amewahi kuwaachia mafundi.

Lakini hata ping yaweza kukupoteza. Kuna ugonjwa mmoja unaowatambulisha mabingwa: ping inapita, kuingia kwenye mfumo kunawezekana, ila ripoti kubwa ikitumwa kila kitu kinaganda. Pakiti ya kawaida hubeba hadi baiti 1,500. Seva ikiunganishwa na mfumo wa mbali kwa VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, kila pakiti huongezewa vichwa vingine, na kubwa zikakosa nafasi ya kupita. Rauta iliyo njiani hurudisha ujumbe wa ICMP, itifaki ya taarifa za hitilafu mtandaoni, kusema pakiti imezidi kipimo. Sasa kama mtu alifunga ICMP yote kwa kudhani anaimarisha usalama, ujumbe huo haufiki kamwe, na seva huendelea kutuma zile zile zisizopita. Fundi anayejua hutuma ping ya baiti 1,472 akizuia isigawanywe, maana vichwa vyake vya baiti 28 huikamilisha 1,500. Isipopita, hupunguza kidogo kidogo hadi ipite, kisha huweka kipimo hicho, pamoja na zile baiti 28, kwenye VPN na kuruhusu ujumbe ule. Ripoti inaondoka. Rauta haikuzimwa hata mara moja.

Kuna siku kosa liko mbali na mikono yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Hapo traceroute, inayoonyesha vituo ambavyo pakiti inapitia, humsaidia kuthibitisha kwamba upande wake ni mzima na kuacha kufungua asichopaswa kufungua. Kusema “si hapa” kwa ushahidi ni kazi kamili, nayo inastahili malipo kamili.

Basi ewe mwenye duka au kliniki, siku fundi huyu akija, mpe saa tatizo lilipoanza na jambo la mwisho lililobadilishwa kabla yake. Na tafadhali, usiguse rauta kabla hajafika.